Chuma Alichokataa Mama Mkwe

Miaka kumi na minne ya ndoa ilipita bila mimi kumtazama mama mkwe wangu usoni. Hatukuwa na ugomvi. Mke wangu ni Muganda, na kwa Waganda wa zamani mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani: hawapeani mkono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha, hata kama ni kwa kuingia kwenye majani. Siku niliyokwenda kujitambulisha kwao alinisalimia akiwa nyuma ya pazia, nami nikalijibu pazia. Kwetu Kongo, upande wa Bukavu nilikotoka nikiwa kijana mkimbizi, mkwe naye huheshimiwa, lakini heshima yetu ina upenyo. Mama mkwe akija na mzigo unaupokea. Heshima ya kwao haina upenyo.

Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba mama yake anakuja kukaa nasi, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa chakula wala kitanda. Kilikuwa bafu. Nyumba yetu, kwenye mteremko wa Mbuya, ilikuwa na bafu moja tu, na choo humo humo.

Mama hakupenda kuja, na mimi namwelewa. Presha ilikuwa imempiga mara moja, ikamwachia mguu wa kushoto usiomtii. Daktari wa hospitali ya Mulago alitaka kumwona kila mwezi, na kijijini kwao ni mbali. Kati ya watoto wake aliyebaki hai ni mke wangu peke yake. Alikuja na kifuko kimoja, akaingia chumba cha nyuma, na tangu siku hiyo nyumba yangu mwenyewe nikawa naitembea kwa kukohoa. Nikitoka chumbani, nakohoa. Nikitaka kupita ukumbini, nakohoa mara mbili. Nikisikia fimbo yake inagonga sakafu, narudi nilikotoka na kungoja. Jioni alinisalimia kwa sauti kutoka chumbani mwake, nami nilimjibu kutoka sebuleni, tukaulizana habari za siku kupitia ukuta. Mke wangu aliona ni jambo la kawaida kabisa. Mimi nilijiona kama mwizi kwangu.

Sasa niseme kuhusu hilo bafu, maana ni langu kwa mikono yangu. Mimi ni fundi wa vigae. Nimepiga magoti katika nyumba nyingi za mji huu kuliko shehe na padri wakiwekwa pamoja. Wenye nyumba wakimaliza kujenga hubaki na vigae viwili vitatu, wanakuambia chukua, na mimi nilichukua. Bafu letu nililitandika kwa masazo ya sebule za matajiri: cheupe cha huyu, cha rangi ya maziwa cha yule, vyote vinang'aa, vyote vya sebuleni. Mteja angeniambia nimwekee vigae vile bafuni ningemkatalia, ningemwambia utavunja shingo. Kwangu niliviweka kwa sababu vilikuwa vizuri na vilikuwepo. Mganga hajigangi. Mimi na mke wangu tulikuwa na miguu mizima, tukiteleza tunacheka.

Wiki ya kwanza tu mke wangu alirudi kutoka kazini jioni akamkuta mama yake amekaa chini bafuni, mgongo ukutani, amejifunga leso, maji yamekwisha kukauka. "Nilikaa tu," mama alisema. Alikuwa amekaa tangu asubuhi. Hakuumia, au alisema hakuumia, lakini mimi usiku ule sikupata usingizi wa maana. Mtu hakai tu bafuni kutwa nzima.

Nilianza kumwaza akioga. Naliandika hili nikijua linavyosikika. Mwanamume kumwaza mama mkwe wake bafuni ni jambo la kutemewa mate, na kwa miezi ile sikuwa na wazo jingine. Nilijua kutoka kwa mke wangu jinsi mama anavyooga. Alikataa bomba la juu. Alioga na beseni, kikombe na dodoki kama alivyooga maisha yake yote nyuma ya migomba, mahali palipozungushiwa mkeka na kutandikwa mawe. Na mwisho wa kuoga alikuwa na jiwe. Wanawake wa huku wana jiwe la kusugulia kisigino, na kisigino cha mama mkwe wangu kilikuwa fahari yake. Alisimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja ukutani, akasugua mguu wa pili. Kisha akabadilisha. Yaani kila asubuhi, mara moja, mzee yule alisimama juu ya kigae cha sebuleni chenye povu la sabuni kwa ule mguu wa kushoto peke yake.

"Mwambie aache jiwe," nilimwambia mke wangu.

"Mwambie wewe," alinijibu, akijua siwezi.

Lakini jambo lililonitia hofu kubwa zaidi nililigundua nikiwa kazini, kwenye sebule ya mtu, mwiko mkononi. Mke wangu aliondoka alfajiri kwenda kwenye duka lake dogo la vitambaa sokoni Mengo. Mimi niliondoka saa mbili. Mama hakuoga mpaka asikie geti limefungwa, kwa sababu hawezi kuvua nguo ndani ya nyumba yenye mkwe wake wa kiume. Maana yake alioga saa ambayo nyumba haina mtu hata mmoja. Heshima yake kwangu ndiyo iliyompeleka bafuni peke yake, na heshima yangu kwake ndiyo iliyokuwa inamfungia geti. Niliweka mwiko chini. Saruji ilianza kukauka kwenye karai na mwenye nyumba akaniuliza kama ninaumwa.

Kesho yake nililifunga geti kwa kishindo, nikabaki ndani ya ua. Nilizunguka kwa ncha za vidole mpaka chini ya kidirisha cha bafu, nikachuchumaa. Nilisikia beseni likiburutwa. Nilisikia maji, kikombe, dodoki. Kisha kimya, kisha jiwe: khrr, khrr, khrr. Jiwe likanyamaza, mguu ukabadilishwa, likaanza tena. Alipomaliza na kumwaga maji, nilitoka pale na shati limeloa mgongoni, nikafungua geti polepole na kwenda kazini nimechelewa.

Nilifanya hivyo karibu mwezi mzima. Mafundi wenzangu walidhani nimepata mwanamke mwingine.

Jirani yetu, mama mmoja mpole aliyeuza mkaa mlangoni kwake, alikuwa na uwazi kwenye ua wake ulioangalia upande wetu. Asubuhi moja niliinua macho nikaona macho yake.

"Baba, wewe napoteza nini hapo?"

"Naangalia bomba, mama. Linavuja."

"Bomba navuja kila siku saa mbili?"

Jioni mke wangu alinifungia mlango wa chumbani, akasimama nao mgongoni.

"Jirani ananiambia wewe kila asubuhi unakaa chini ya dirisha ya bafu. Mama yangu anaoga, wewe unasikiliza! Watu watasema nini?"

"Mi nasikiliza kama ameanguka. Hakuna kingine."

"Na yeye akijua wewe uko hapo? Atakufa kabla hajaanguka!"

Alilia, nami nilikasirika, kwa sababu nilikuwa na haki na nilikuwa nimefedheheka, na hayo mawili yakikutana mimi hubwata. Nilibwata mpaka nikakumbuka ukuta ni mwembamba. Tukatega masikio wote wawili tusikie kama upande wa pili kuna mtu amesikia. Fimbo haikusogea. Nikamwahidi mke wangu kwamba sitakaa tena chini ya kidirisha, na kwamba badala yake nitalitengeneza bafu lenyewe, jambo ambalo fundi mwenye akili angelifanya siku ya kwanza.

Sakafu ilikuwa rahisi. Niling'oa vigae vyangu vya fahari kwa tindo na nyundo, kimoja kimoja, vingine vikavunjika na mimi nikiumia rohoni. Nikatandika vile vya barazani, vidogo, vyenye uso wa kukwaruza. Nilivijaribu kwa sabuni na miguu mitupu, vikanishika. Mlango niliugeuza ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaoufunga. Niling'oa komeo. Nilinunua kiti cha plastiki kizito chenye mikono. Kikabaki chuma cha kushikia.

Chuma cha kushikia kina kazi moja tu, kuwa mahali mkono unapokwenda wenyewe. Ukikiweka juu sana mzee ananing'inia, ukikiweka chini anainama na kuanguka nacho. Nilihitaji vipimo vyake: kifundo cha mkono kiko wapi akisimama, kiwiko kiko wapi akikaa. Kumpima mwenyewe haikuwezekana, basi nilimpa mke wangu uzi nikamwonyesha pa kufunga mafundo. Alirudi na uzi hauna fundo hata moja.

"Anakataa. Anasema mutu anapimwa na uzi akishakufa. Anauliza kama sanduku liko tayari."

Sikumlaumu. Hata kwetu mzee hapimwi hivi hivi.

Nikakaa na uzi wangu siku mbili tatu, mpaka ikatokea siku niliyorudi nyumbani mapema kuchukua kifaa, na mama ametoka kuoga muda si mrefu. Nilikohoa, nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa, nikaingia bafuni kunawa. Ukutani, juu ya kigae cheupe, kulikuwa na viganja. Povu la sabuni lilikuwa limekauka kufuata vidole vyake: kiganja kimoja kikubwa karibu na beseni, vingine viwili juu kidogo mahali pa kusugulia visigino, na alama ndefu iliyoteremka, ambapo mkono ulikuwa umeteleza na kujishika tena. Sikuwahi kuushika mkono ule. Nilijua sasa kidole chake cha mwisho kimepinda. Nilitoa penseli sikioni nikazungushia kila alama, nikaweka pima maji kupata usawa, nikachora mstari.

Chuma kilikuwa bomba la maji, lile nene, nililolipaka rangi nyeupe na kulisugua mpaka likawa laini lisimkwaruze. Nilikipinda ili kifuate pembe ya ukuta, kianze karibu na mlango, kipite mahali pa kuogea, kiishie choo kinapoanzia. Miguu ya chuma niliichimbia ndani ya tofali na kuijaza zege. Nikangoja zege ikomae. Kisha nikaning'inia mzima mzima, mimi na uzito wangu, nikajitingisha. Hakikusogea. Siku ile nilikwenda kazini nikipiga mluzi.

Jioni niliingia kuoga, nikakiangalia chuma changu kama mtu anavyomwangalia mtoto wake aliyerudi kutoka shuleni. Kilikuwa kikavu na safi. Juu yake, upana wa kiganja kimoja tu, palikuwa na alama za sabuni ukutani kama siku zote. Alikuwa ameupapasa ukuta na kukiruka chuma. Nilijiambia bado hajakizoea. Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya nne nilimwita mke wangu nikamwonyesha.

Aliangalia chuma, akaniangalia mimi.

"Wewe ukioga, unashika hapa?"

"Nashika. Chuma si kinashikwa?"

"Na yeye akishika. Sasa hamujashikana? Wewe huna nguo, yeye hana nguo, munashikana mukono kila siku."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza lile alilodhani nalijua, kwamba mkwe na mama mkwe wakigusana kuna ugonjwa unaowafuata. Mikono inaanza kutetemeka, baadaye kichwa, na hautibiwi hospitali. Shangazi yake mmoja alikufa anatetemeka, na ukoo mzima ulijua alikalia kitanda cha mkwe yupi. "Mama haogopi kuanguka," alisema. "Kuanguka anakujua. Hiki ndicho anaogopa."

Mimi ni Mkristo na sikuamini. Lakini fundi wa vigae anaishi kwa mikono iliyotulia, na usiku ule nilijikuta nimeinyoosha mbele ya taa kuitazama.

Nikatoa suluhisho. Nilisimamisha mabati manne ya zamani nyuma ya nyumba, nikaanza kuoga huko, na mvua juu. Nikamtuma mke wangu aseme kwamba chuma sasa ni cha mama peke yake, mimi sitakigusa tena. Jibu lilirudi haraka.

"Anauliza, ulikiweka na miguu ama na mikono?"

Hapo nilikasirika kwa kweli. Nilikuwa nimevunja bafu langu, ninaoga kwenye mabati kama mwanafunzi wa bweni, na bibi yule ananidhihaki kupitia ukuta. Mke wangu alikuwa na wazo, na lilikuwa wazo zuri: nimwite fundi mwenzangu aking'oe chuma na kuweka kingine kwa mikono yake yeye, mimi nisiwepo. Kazi ya nusu siku. Nilisema sawa, wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, nikasema ijayo. Ukweli ni kwamba sikutaka fundi mwingine aje nyumbani kwangu kung'oa kazi yangu na kuniuliza kwa nini. Ningemwambia nini? Siku zilizidi kwenda, na bado sikumwita. Naona haya kuliandika hili kuliko habari za kidirisha.

Kidirishani sikurudi. Nilikuwa nafunga geti, nakaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbali kiasi cha kutosikia kikombe lakini karibu kiasi cha kusikia kishindo. Nikisikia maji yamemwagwa kwenye mfereji, naondoka.

Asubuhi moja kulikuwa na manyunyu. Nilisikia kitu kizito kikipasuka, kisha maji yakitiririka yenyewe, bila kukatika.

Sikumbuki kufungua geti. Nakumbuka niko mbele ya mlango wa bafu ninaita "Nyabo! Nyabo!", jina la heshima ninalomwita.

"Hapana ingia!"

Alikuwa hai. Kiswahili chake mama mkwe wangu alikipata wakati wa vita, kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa askari. Hakuwahi kujua kingine. Neno la tafadhali hakulijua. Alijua amri, na kwake "usiingie" ni "hapana ingia".

"Mama, umeanguka? Umeumia?"

"Simama huko! Rudi nyuma!"

Nilirudi nyuma. Nilikimbia kwa jirani, mlango wake umefungwa kwa kufuli, mkaa umefunikwa turubai. Nyumba ya pili hakuna mtu. Nilimpigia mke wangu simu, ikaita mpaka ikachoka. Asubuhi sokoni Mengo nani anasikia simu? Niliporudi, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango na yalikuwa na wekundu ndani yake.

Nilivuta mlango. Haukufunguka. Komeo nililing'oa mwenyewe, kwa hiyo sikuelewa, mpaka nilipochungulia kwenye upenyo nikaona kitambaa cha leso. Alikuwa amechana leso yake akatengeneza mkanda, ncha moja kwenye kitasa na ncha ya pili kwenye chuma changu. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyokipa chuma kile, kumfungia mlango, tena kwa kitambaa, si kwa mkono. Na kwa sababu nilikichimbia kwa zege na kuning'inia juu yake mzima mzima, hakikusogea hata nilipovuta kwa mguu ukutani. Nilijilaani kwa Kifaransa na kwa lugha ya mama yangu. Nilikwenda jikoni kuchukua kisu.

"Mama, mi naingia. Nimeshika shuka. Mi naingia na shuka."

"Hapana!"

Nikasimama na kisu kwenye upenyo. Aibu ni kitu kizito. Mtu anaweza kumwacha mtu afe kwa ajili yake, na mimi dakika ile nilikuwa karibu kuwa mtu huyo. Nilifikiri, ngoja kidogo, pengine jirani atarudi. Kisha sauti yake ikaja chini sana, si ya amri tena, na kwa Kiganda.

"Ssebo," aliniita, bwana. "Nfa." Ninakufa.

Nilikata.

Alikuwa amelalia ubavu. Sinki lilikuwa limeng'oka ukutani na kuvunjika vipande viwili. Alikuwa amelishika hilo, mguu ulipomkatalia, badala ya chuma kilichokuwa karibu naye zaidi. Nilifumba macho nikarusha shuka mbele yangu, kisha nikakumbuka kwamba aliyefumba macho hawezi kumbeba mtu katikati ya vipande vilivyovunjika, nikayafumbua. Nilimfunika, nikapitisha mkono chini ya magoti na mwingine mgongoni, nikamwinua. Alikuwa mwepesi mno. Damu ilikuwa ya kichwani, juu ya sikio. Mkono wa kulia ulining'inia vibaya. Aligeuza uso upande wa ukuta na hakusema neno, na mimi nilikuwa nikisema "samahani, mama, samahani," mpaka tulipofika barabarani, sijui kama nilikuwa namwomba yeye au mama yangu niliyemwacha Kongo.

Ndani ya teksi ya kukodi nilimlaza kiti cha nyuma, mimi nikakaa mbele na dereva. Mikono yangu ilikuwa magotini, inatetemeka. Nilijiambia ni uzito, ni baridi, ni damu. Niliikalia.

Kliniki ilikuwa ndogo, chini ya kilima, wauguzi wawili tu na daktari mmoja. Walimshona, wakamfunga mkono, wakasema nyonga ni nzima, na hapo ndipo nilipopata kupumua. Muuguzi alikuja na kalamu. Alikuwa mwanamke wa makamo, Muganda, na kwa jinsi alivyoniangalia nilijua akisikia neno mkwe atanitoa nje ya pazia la kitanda, na mama abaki peke yake.

"Wewe ni nani wake?"

Nilifungua mdomo. Kutoka kitandani, macho yake yakiwa bado ukutani, mama mkwe wangu akajibu:

"Mutabani wange." Mwanangu wa kiume.

Muuguzi akaandika. "Vizuri. Basi mutoto, saidia mama. Anataka kwenda choo, na mimi niko na wagonjwa sita."

Akaondoka na kalamu yake. Tulibaki wawili. Mama angeweza kumwita muuguzi arudi, angeweza kusema hahitaji choo. Nilimwona akifikiri. Kisha akanyoosha mkono mzima, wa kushoto, bila kunitazama, nami nikaushika. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kweli.

Tulikwenda hatua kwa hatua mpaka mwisho wa ukumbi. Choo kilikuwa kidogo na safi, kimenyunyiziwa dawa, sakafu bado mbichi. Nilizungusha macho kuta zote, hii ndiyo tabia yangu siku hizi, sikuona pa kushika popote. Mguu wake wa kushoto ukateleza kidogo, naye akanikamata shati kifuani, na katika kunikamata akainua uso akanitazama. Mimi pia nilimtazama. Alikuwa na macho ya mke wangu, yamezungukwa na mikunjo mingi, na yalikuwa na hofu kama yangu. Alinichunguza nywele, paji la uso, ndevu zenye mvi.

"Kumbe wewe mzee," alisema.

"Ndiyo, mama."

Kichwani mwake nilikuwa nimebaki miaka yote ile yule kijana aliyelijibu pazia. Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Nilimsogeza mpaka miguu yake ikagusa choo, nikahakikisha imetulia. Mkono wake ulihama kutoka shati hadi kifundo cha mkono wangu, ukabana kwa nguvu nisiyoitarajia.

"Geuka," aliamuru. "Hapana achia."

Niligeuka nikautazama mlango, mkono wangu nimeupeleka nyuma, na sikumwachia mpaka alipomaliza.